Namba ya kete sitini na nne: jinsi ya kuichunguza kwa kalamu na daftari

Jioni moja ya Ramadhani, baada ya futari, mjukuu wangu alikuja barazani na simu mkononi. Chini ya mwembe babu yake alikuwa akicheza bao na jirani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kijana alikuwa amekaa pembeni akijiuliza: kete ya kwanza ikiwa na thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, kila moja maradufu ya iliyotangulia, je, kete zote 64 kwa pamoja zina thamani gani? Alibonyeza kikokotoo cha simu mpaka kikamwonyesha hivi: 1.844674407E19.

"Bibi, hii E ni nini? Na namba yenyewe imekwenda wapi?"

Nikamwambia aweke simu chini, alete daftari.

Nimefundisha hesabu sekondari kwa miaka 29, na sasa nimestaafu, naishi hapa Pangani. Swali lile nimekutana nalo mara nyingi, na kila mara naona kosa lilelile: mtu akiona namba ndefu anadhani kazi yake imeisha akishajua ni kubwa kiasi gani. Simu ilikuwa imebakiza tarakimu kumi za mwanzo na kukata mkia wote; E19 maana yake ni zidisha kwa 10 mara 19. Ukitaka kujua ukubwa tu, kichwa kinatosha. Ukitaka kujua namba yenyewe ikoje, kama ni witiri au shufwa, inagawanyika kwa nini, imeundwa na namba tasa zipi, lazima uwe nayo nzima, kila tarakimu mahali pake. Hapa nitakuonyesha namna ya kuipata nzima na namna ya kuifungua. Andaa daftari la viboksi, penseli, na kikokotoo cha dukani cha tarakimu 12. Ukijua kuzidisha na kugawanya kwa njia ndefu, umetosha.

Kwanza, jumla. Usijumlishe kete moja moja mara 64. Azima 1 kutoka pembeni uiongeze kwenye kete ya kwanza: 1 na 1 ni 2. Hiyo 2 inakutana na kete ya pili yenye 2, zinakuwa 4. Hiyo 4 inakutana na kete ya tatu yenye 4, zinakuwa 8. Zinajikunja hivyo hadi kete ya mwisho, na unabaki na 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 64, yaani 2⁶⁴. Sasa rudisha ile 1 uliyoazima. Jumla ya kete zote ni 2⁶⁴ − 1.

Swali hili ni la zamani sana. Wenzetu waliouliza zamani walitumia ubao wa sataranji, wenye vyumba 64, na punje za nafaka. Mwanazuoni Al-Biruni aliihesabu namba hii kamili mnamo mwaka 1000 hivi, na mwandishi Ibn Khallikan katika karne ya 13 aliandika hadithi ya Sissa, aliyebuni sataranji akaomba kwa mfalme punje moja kwa chumba cha kwanza, mbili kwa cha pili, na kuendelea. Al-Biruni hakuwa na kikokotoo. Jambo hilo huwa nawaambia wanafunzi kabla hawajaanza kulalamika.

Kuipata nzima, usirudufu mara 64. Zidisha kila jawabu kwa lenyewe, utafika kwa hatua sita:

2 → 4 → 16 → 256 → 65,536 → 4,294,967,296 → 2⁶⁴

Hatua tano za mwanzo ni rahisi. Ya sita ndiyo inayoshinda kikokotoo, kwa sababu jawabu lina tarakimu 20. Hapo igawe namba vipande viwili vya tarakimu tano tano: 42949 na 67296. Kisha fanya hesabu tatu ambazo kikokotoo cha dukani kinaziweza:

42949 × 42949 = 1,844,616,601
42949 × 67296 × 2 = 5,780,591,808
67296 × 67296 = 4,528,751,616

Sasa zipange kwenye daftari la viboksi. Jawabu la kwanza liongezee sifuri kumi, la pili sifuri tano, la tatu liache lilivyo. Tarakimu ya mamoja iwe chini ya mamoja, na makumi chini ya makumi. Viboksi vimewekwa kwa kazi hiyo. Jumlisha, utapata 18,446,744,073,709,551,616. Toa 1:

18,446,744,073,709,551,615

Isome hivi: milioni milioni milioni 18, na zaidi.

Kabla hujaendelea, iwekee ulinzi. Hili nalisisitiza kwa sababu liliwahi kunipotezea kipindi kizima darasani: niliandika ubaoni 790 mahali pa 709, na darasa zima likatafuta vigawo vya namba ambayo si yenyewe. Tangu siku ile kila namba ndefu naipa alama mbili. Alama ya kwanza ni jumla ya tarakimu zake. Kwa namba yetu:

1+8+4+4+6+7+4+4+0+7+3+7+0+9+5+5+1+6+1+5 = 87

Alama hii inakamata tarakimu iliyokosewa au kusahaulika, isipokuwa sifuri. Haikamati tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, maana 7, 0 na 9 zina jumla ileile hata ukizipanga vipi. Ndiyo maana kuna alama ya pili: anza kulia, jumlisha ya kwanza, toa ya pili, jumlisha ya tatu, toa ya nne, mpaka mwisho. Namba yetu inatoa 37. Lile kosa langu la 790 lingetoa 19, na ningelijua papo hapo. Andika 87 na 37 pembeni mwa daftari. Kila unapoinakili namba upya, zihesabu tena.

Idadi ya tarakimu unaweza kuihakiki bila hata kuiona namba. Logi ya 2 ni 0.30103, zidisha kwa 64 upate 19.27, tarakimu ni moja zaidi ya 19, yaani 20. Na tarakimu ya mwisho nayo inajulikana mapema: vipeo vya 2 vinaishia na 2, 4, 8, 6, kisha vinarudia. Kwa kuwa 64 inagawanyika kwa 4, 2⁶⁴ inaishia na 6, na ukitoa 1 inaishia na 5. Ikiwa yako haiishii na 5, rudi kwenye kuzidisha.

Kuhusu ukubwa nitapita haraka, ingawa ndio watu wanaoupenda. Nilihesabu punje 1,000 za mchele nikampelekea sonara azipime kwenye mizani yake ndogo. Zilikuja kama gramu 20. Kwa kipimo hicho, punje za kete zote 64 ni tani bilioni 369 hivi. Dunia nzima huvuna zaidi kidogo ya tani milioni 500 za mchele kwa mwaka, kwa hiyo ni mavuno ya miaka takribani 700. Kijana alipenda sana sehemu hii. Mimi nilitaka tufike kwenye vigawo.

Anza kuiuliza namba maswali madogo. Inaishia na 5, basi ni witiri na inagawanyika kwa 5. Jumla ya tarakimu ni 87, na 87 inagawanyika kwa 3, basi namba nzima inagawanyika kwa 3. Haigawanyiki kwa 9, kwa sababu 87 haigawanyiki kwa 9. Je, ni kipeo cha pili cha namba fulani? Hapana, na huhitaji kutafuta kipeuo: namba inayoishia na 5 ikizidishwa kwa yenyewe huishia na 25 daima, na yetu inaishia na 15.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozijibu zote tatu kwa pamoja, nami naipenda kuliko njia nyingine zote za darasani. 7 × 11 × 13 ni 1,001. Kwa sababu hiyo, makundi ya tarakimu tatu tatu yakijumlishwa na kutolewa kwa zamu yanakupa namba ndogo yenye mabaki yaleyale. Anza kulia:

615 − 551 + 709 − 073 + 744 − 446 + 18 = 1,016

Sasa huna shughuli tena na tarakimu 20, una 1,016. Gawa kwa 7, baki ni 1. Gawa kwa 11, baki ni 4. Gawa kwa 13, baki ni 2. Hakuna hata moja inayoigawa. Na ile alama yetu ya pili, 37, ukiigawa kwa 11 unabaki na 4 vilevile. Njia mbili tofauti zikikutana kwenye baki moja, unapata haki ya kutulia.

Ungeweza kuendelea hivyo: 17, 19, 23, 29. Lakini simama ufikiri. Namba hii haikuokotwa njiani. Imejengwa kwa kurudufu, na namna ilivyojengwa inatuambia pa kuivunjia.

Unakumbuka kutoka kidato cha pili kwamba tofauti ya vipeo viwili vya pili inavunjika: a² − b² = (a + b)(a − b). 2⁶⁴ ni kipeo cha pili cha 2³², na 1 ni kipeo cha pili cha 1. Basi:

2⁶⁴ − 1 = (2³² + 1)(2³² − 1)

Na 2³² − 1 nayo ni tofauti ya namna ileile, inavunjika kuwa (2¹⁶ + 1)(2¹⁶ − 1). Endelea kushuka, mara sita, hadi ufike 2 − 1, ambayo ni 1 tu. Utabaki na:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Tazama ulichofanya. Namba ya tarakimu 20 imefunguka bila kugawanya hata mara moja. Lakini usiniamini kwa maneno; gawanya kwa njia ndefu, hatua kwa hatua, uone baki likiwa sifuri kila mara:

18,446,744,073,709,551,615 ÷ 3 = 6,148,914,691,236,517,205
÷ 5 = 1,229,782,938,247,303,441
÷ 17 = 72,340,172,838,076,673
÷ 257 = 281,479,271,743,489
÷ 65,537 = 4,294,967,297

Kijana alizifanya zote tano kwa penseli, akachukua saa nzima na nusu. Kwa 65,537 ilibidi aandike kwanza orodha ya 65,537 mara 1 hadi mara 9 pembeni. Fanya hivyo nawe. Inaokoa makosa mengi.

Sasa tuzitazame hizo sita. 3, 5 na 17 ni tasa, hilo unalijua. 257 ni tasa pia: kipeuo chake ni 16 na kidogo, nayo haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7, 11 wala 13. 65,537 ni tasa. Nitaonyesha muda si mrefu kwamba inahitaji kugawanya mara moja tu. Ya sita, 4,294,967,297, ina historia.

Pierre de Fermat wa Ufaransa aliamini, mwaka 1640, kwamba namba zote za umbo hili (2, 4, 16, 256 na kuendelea, kila moja ukiiongeza 1), yaani 3, 5, 17, 257, 65,537, 4,294,967,297 na zinazofuata, ni tasa. Alikuwa hodari kuliko karibu wote wa zama zake, na tano za mwanzo ni tasa kweli. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba ya sita inagawanyika kwa 641. Watu wengi huishia hapo wakisema Euler alikuwa na akili. Mimi nataka ujue alitafuta wapi, kwa sababu nawe unaweza kutafuta palepale.

Chukua namba tasa yoyote inayoigawa 2³² + 1, tuiite p. Anza na 1, rudufu, rudufu tena, na kila ukizidi p, gawa kwa p ushike baki tu. Mabaki yanazunguka kama kete zinavyozunguka mashimo ya bao: yanaondoka kwenye 1 na mwisho yanarudi kwenye 1. Kwa kuwa p inaigawa 2³² + 1, baada ya hatua 32 umefika kwenye p − 1, ambayo ni sawa na −1. Hatua 32 nyingine zinaigeuza −1 kuwa 1. Basi mzunguko mmoja ni hatua 64 kamili, si pungufu. Fermat huyohuyo alikuwa amegundua kwamba baada ya hatua p − 1 lazima uwe umerudi kwenye 1. Kwa hiyo p − 1 ni idadi kamili ya mizunguko ya hatua 64. Kwa maneno mengine, p ni lazima iwe kigawe cha 64 (yaani 64 mara namba nzima fulani) ukiongeza 1.

Mamilioni ya namba tasa yametupwa nje kwa hoja moja. Zinazobaki ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641... Ondoa zisizo tasa, unabaki na 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Gawanya:

4294 ÷ 641: mara 6, baki 448. Shusha 9: 4489, mara 7, baki 2. Shusha 6: 26, mara 0. Shusha 7: 267, mara 0. Shusha 2: 2672, mara 4, baki 108. Shusha 9: 1089, mara 1, baki 448. Shusha 7: 4487, mara 7, baki 0.

Jawabu ni 6,700,417. Nimefanya mgawanyo huu ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na bado, likija lile 448 kwa mara ya pili, moyo wangu unaenda mbio.

Kuna njia fupi zaidi ya kuhakiki, na hii ukiishika utaitumia kwa namba kubwa za kila aina. Usibebe namba nzima. Beba baki lake. Tunataka baki la 2³² likigawanywa kwa 641. Zidisha kwa yenyewe kama mwanzo: 2, 4, 16, 256, 65,536. Hapo gawa kwa 641: baki ni 154. Zidisha 154 kwa 154, unapata 23,716. Gawa kwa 641, baki ni 640. Hilo ndilo baki la 2³². Ongeza 1: 641. Imegawanyika. Namba ya tarakimu kumi umeipima bila kuandika namba yoyote inayozidi tarakimu tano.

Je, 6,700,417 ni tasa? Kipeuo chake ni kati ya 2,588 na 2,589, kwa hiyo kama inavunjika, kuna kigawo tasa kisichozidi 2,588. Mtu asiyejua angejaribu kila namba tasa hadi hapo. Lakini kigawo chochote cha namba hii ni kigawo cha 2³² + 1 pia, basi kinafuata sheria ileile ya 64. Na katika karne ya 19 Édouard Lucas aliikaza sheria hiyo: kinatakiwa kiwe kigawe cha 128 ukiongeza 1. Namba tasa za namna hiyo hadi 2,588 ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Gawanya mara tano. Mabaki ni haya kwa mpangilio huo: 170, 44, 120, 334, 622. Hakuna sifuri. Ni tasa.

Kwa 65,537 kipeuo ni 256 na chembe, na kwa sheria hiyo ya Lucas, ambayo kwa 2¹⁶ + 1 inadai 64 badala ya 128, vigawo vyake vingekuwa vigawe vya 64 ukiongeza 1: 65, 129, 193. Katika hizo tasa ni 193 peke yake, na baki lake ni 110. Mgawanyo mmoja, kama nilivyoahidi.

Basi namba ya kete 64 ni hii:

3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Ihakiki kwa njia ya tisa kabla hujaweka penseli chini. Jumlisha tarakimu za kila kigawo mpaka ibaki tarakimu moja: 3, 5, 8, 5, 2, 8, 7. Zizidishe, na kila jawabu lipunguze vilevile: 15 ni 6, 48 ni 12, ni 3, 15 ni 6, 12 ni 3, 24 ni 6, 42 ni 6. Sasa namba kubwa: 87 ni 15, ni 6. Zimekutana. Njia hii haithibitishi kila kitu, lakini kosa la kawaida halipenyi.

Ukiwa na vigawo tasa mkononi, sifa nyingine zinakuja zenyewe. Ina vigawo vingapi kwa jumla? Kila kigawo tasa kinatokea mara moja tu, kwa hiyo kwa kila kimoja una chaguo mbili, kukichukua au kukiacha: 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 128. Kuanzia 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257 na kupanda, unaweza kuviandika vyote 128 katika kurasa mbili. Ni zoezi zuri kwa mtoto wa darasa la saba anayejua kuzidisha.

Ukiziacha 641 na 6,700,417, zile tano zinazobaki zina zao la 4,294,967,295, yaani 2³² − 1. Tano hizo ndizo namba tasa za Fermat pekee zinazojulikana hadi leo. Baada ya 65,537 haijapatikana nyingine. Na zina kazi mahali ambapo hukutarajia, kwenye jometri. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa kijana, aligundua kwamba umbo sawa la pande 17 linaweza kuchorwa kwa rula isiyo na vipimo na bikari peke yake, na siri ilikuwa katika namba hizi. Pande 4,294,967,295 ndizo nyingi zaidi za idadi witiri tunazojua kwamba zinaweza kuchorwa hivyo, ijapokuwa hakuna karatasi ya kuzitosha.

Katika kompyuta namba yetu ina sura nyingine. Kompyuta huandika kwa 0 na 1 tu, na kwa maandishi hayo 2⁶⁴ − 1 ni 1 zilizopangwa 64 mfululizo, bila sifuri hata moja. Ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoenea katika nafasi 64. Ongeza 1, zote zinageuka sifuri, kama mita ya gari iliyofika 999999. Tazama bao lenye kete 64, kila kete ni 1. Ni picha ileile.

Nikuonye jambo moja. Njia hii imekwenda haraka kwa sababu tulijua namba imejengwaje. Ukichukua namba yoyote ya tarakimu 20 isiyo na asili inayojulikana, maswali madogo ya 3, 5, 7, 11 na 13 bado yatafanya kazi, na ulinzi wa alama mbili pia. Lakini kuivunja yote ni kazi nyingine kabisa. Chini ya 2³² kuna namba tasa 203,280,221. Ukizijaribu moja kila dakika, usiku na mchana bila kulala, ni zaidi ya miaka 386. Kwa hiyo ukipewa namba kubwa, swali la kwanza liwe: imetoka wapi? Ni kipeo? Ni kipeo ukitoa 1? Ni zao la namba zinazofuatana? Uliza hilo kabla hujanoa penseli.

Zoezi ni namba iliyo mbili juu ya yetu, 18,446,744,073,709,551,617, yaani 2⁶⁴ + 1. Ndiyo ya saba katika orodha ya Fermat. Kwa sheria ya Lucas, vigawo vyake tasa ni vigawe vya 256 ukiongeza 1. Fortuné Landry aliivunja mwaka 1880: 274,177 × 67,280,421,310,721. Zidisha uone. Au, kama una subira, jifanye hujasoma sentensi hiyo, uitafute mwenyewe kwa kubeba mabaki: 257, 769, 3,329, 7,681, ukiendelea juu.

Mjukuu wangu sikumwambia jawabu. Jana jioni alikuwa amefika 12,289, akaandika baki 5,665 pembeni mwa ukurasa, akauliza kama kuna daftari jingine la viboksi ndani.